Hapa Hakuna VAT

Gwakisa tulimzika kijijini Ipyana mwezi uliopita, kwenye ardhi iliyoloa hata wachimbaji wakawa wanateka maji kwa ndoo kwanza ndipo watoe udongo. Alisifiwa vizuri. Mchungaji alisifu imani yake, kwaya ikaimba, msemaji wa wafanyabiashara akasifu ukarimu wake, na shemeji yake mmoja, ambaye nijuavyo mimi hawakuwa wakielewana, alisifu uvumilivu wake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hakuna aliyetaja VAT. Nilikaa chini ya turubai na sahani yangu ya wali wa msiba magotini, nikaona kama jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kutenda mtu yule limesahauliwa, lakini nikanyamaza. Mtu hasimami mbele ya jeneza akaanza kueleza Kodi ya Ongezeko la Thamani. Mama Bupe, aliyekaa karibu nami, alinitazama mara moja tu, akatikisa kichwa kama anayeniambia: usithubutu. Basi nimerudi nyumbani kwangu na ninathubutu kwa maandishi, ambako hawezi kunivuta shati.

Wenzangu wanaoandika kumbukumbu huwa na mwaka wa vita, au wa mapenzi, au wa kifungo. Mimi nina mwaka wa simenti. Nilikuwa nimerudi Kyela na shahada ya falsafa, na kwa bahati mbaya hakukuwa na mtu anayetafuta mwanafalsafa, si mjini, si bandarini Itungi, wala huko Njisi mpakani. Kulikuwa na watu wanaotafuta simenti. Wavunaji wa mpunga walikuwa wakipaua, wenye kakao walikuwa wakiongeza vyumba, na mimi nikafungua duka la simenti na misumari kwenye barabara ya kuelekea sokoni, katikati ya maduka mawili ya watu wa rika langu. Kushoto kwangu alikuwa mama Bupe, aliyeuza rangi, vitasa na mabomba. Kulia alikuwa Gwakisa, aliyeuza mabati na nondo. Jengo lilikuwa moja, na kilichotugawa ni kuta za mbao zisizofika kwenye dari, kwa hiyo kila lililosemwa katika duka moja lilikuwa mali ya maduka matatu. Nilizijua bei za Gwakisa kuliko zangu. Niliijua sauti anayoitumia kwa mteja wa kweli, na ile anayoitumia kwa mteja anayeuliza tu huku akisubiri mvua ikatike. Wao nao waliijua sauti yangu ya kupunguza bei, ambayo mama Bupe aliiiga vizuri mpaka siku moja mteja wangu akamjibu yeye.

Mchana tulikula sinia moja. Chumba cha kulia kilikuwa stoo ya nyuma ya mama Bupe, chumba chenye joto la kupasua, makopo ya rangi hadi juu, na harufu mbili ambazo hadi leo siwezi kuzitenganisha: rangi ya mafuta na mchele wa Kyela unapoiva. Siku nyingine ilikuwa mbalaga, ndizi zilizopondeka vizuri na maharage. Siku ya bahati ilikuwa samaki mbasa kutoka ziwani, mzima mzima, amelala juu ya wali kama mgeni aliyepewa kitanda. Wazee wetu waliita jambo hili ukwangala, yaani kukaa na wenzako, kula nao na kucheka nao, na ndani ya neno hilo lilikuwamo onyo ambalo hakuna aliyehitaji kulitamka: anayekula peke yake ana kitu anaficha. Mimi nilikuwa nimesoma vitabu vizito juu ya maisha mema, kwa tafsiri, maktabani, peke yangu. Kisha nikaja kuyakuta kwenye stoo ya rangi, na nilichotakiwa kufanya ni kunawa mikono na kutogusa upande wa mwenzangu.

Kutoka kula pamoja hadi kuagiza pamoja hakukuhitaji mjadala. Wakala wa Mbeya alitoa bei nafuu kwa anayejaza Fuso, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuijaza peke yake. Tukaunganisha: simenti zangu, mabati na nondo za Gwakisa, rangi za mama Bupe zikishindiliwa penye nafasi. Ndiyo kwanza mashine za risiti za kodi zilikuwa zimeanza kuenea, na wakala alituambia kwamba mzigo mmoja ni risiti moja, na risiti moja inataka jina moja na namba moja ya mlipakodi.

"Weka la Msomi," Gwakisa alisema, akimaanisha mimi. "Ndiye anayejua kuongea na simu."

Nilifurahi, sitasema uongo. Kila Fuso iliposhuka Kyela, jina langu lilikuwa limechapwa juu ya shehena yote, na nililisoma kwa namna ambayo watu wengine husoma majina yao katika orodha ya waliofaulu. Kwamba jina lile limekaa juu ya mamia ya mabati ambayo sikuuza hata moja halikunisumbua. Kuuliza kungekuwa choyo. Ingekuwa kama kuuliza, katikati ya mlo, ni tonge lipi hasa lililo langu. Leo ninapotoa mihadhara, na vijana wakaniuliza tofauti kati ya ujinga na wema, huwa natabasamu na kuwapa jibu la kitabuni, kwa sababu jibu langu mwenyewe lina mabati ndani yake.

Kisha nikaandika kibao. Mwishoni mwa barabara yetu kulikuwa na mfanyabiashara mkubwa aliyesajiliwa VAT, na risiti zake zilionyesha kodi kwenye mstari wake, wazi kabisa. Wateja kutoka Njisi waliuona mstari ule na kunung'unika kana kwamba mzee wa watu ameubuni yeye. Mimi nikaona nafasi. Nikachukua ubao, nikaomba rangi nyekundu kwa mama Bupe, nikaandika kwa herufi nzuri za kusimama: HAPA HAKUNA VAT.

"Msomi," aliniuliza mama Bupe akiwa amekunja mikono, "hiyo VAT ni kitu gani hasa?"

"Ni kodi ya matajiri," nilimjibu kwa sauti ya mhadhara. "Inakatwa kwenye faida yao."

Sentensi mbili, makosa mawili. Kibao kilikaa juu ya mlango wangu kwa wiki kadhaa na kililetea duka langu wateja wachache, na mgeni mmoja.

Alikuwa dada mpole kutoka Singida, afisa wa kodi, jina lake Bi Rehema. Alisimama nje akisoma kibao muda mrefu kuliko maneno matatu yanavyohitaji, kisha akaingia na kusalimia.

"Kibao kizuri. Umeandika mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Mwandiko mzuri. Hizi simenti umenunua wapi, kaka?"

"Mbeya. Kwa wakala."

"Aliyesajiliwa VAT?"

"Nadhani ndiyo."

"Basi imo humo humo kwenye mfuko. Uliinunua pamoja na simenti, ukaiweka kwenye bei yako, mteja akailipa bila kuiona. Ungeandika Hapa VAT Haionekani, ningepita zangu."

Upande wa kushoto nilimsikia mama Bupe akicheka na kujifanya anakohoa. Bi Rehema akakaa kwenye kiti changu cha pekee na kunieleza, bila haraka, jambo ambalo nilipaswa kulijua kabla ya kununua mfuko wa kwanza. Kodi hii si ya mfanyabiashara, alisema. Ni ya mlaji wa mwisho, yule anayejenga nyumba. Wanaouziana njiani ni wabebaji tu. Aliyesajiliwa anaikusanya kwa mteja wake, anaondoa ile aliyokwisha kumlipa aliyemuuzia, na tofauti anaipeleka ofisini kila mwezi. Faida haiguswi hapo. Faida ina kodi yake nyingine. Mfanyabiashara mdogo, ambaye mauzo yake hayajafika kiwango cha kisheria, hatakiwi kuikusanya. Akishavuka kiwango lazima asajiliwe, apende asipende.

"Mimi ni mdogo," nilisema. "Tazama mwenyewe."

"Natazama. Lakini kwa manunuzi yaliyoandikwa kwa jina lako huko Mbeya, wewe ndiye mkubwa wa barabara hii baada ya yule mzee wa kule mwisho."

Tangu nihitimu hakuna mtu aliyewahi kuniita mkubwa, na ikaja kwa namna hiyo. Nikauliza itakuwaje kwa mtu aliyevuka kiwango na asijisajili. Akasema itahesabiwa kama aliikusanya. Nikasema lakini sikuikusanya. Akasema, kwa huruma kabisa, "Ndiyo ubaya wake, kaka. Itatoka kwako." Sikuhitaji karatasi kupiga hesabu ile. Simenti zote, misumari yote, kiti alichokalia, na bado isingetosha.

Kisha akageuza kichwa taratibu, akazungusha macho dukani. "Risiti zinasema mabati. Zinasema nondo. Mimi hapa naona simenti na misumari. Mabati yako wapi?"

Upande wa kulia wa mbao, Gwakisa alikuwa akipiga nyundo kunyoosha ukingo wa bati la mteja. Nyundo ikanyamaza. Sisi sote watatu tuliisikia ikinyamaza. Nilitazama sakafu. Bi Rehema hakutazama ukuta, na kwa adabu ile namshukuru hadi leo.

"Sikuulizi jina," alisema. "Nikiliandika mimi, ni kama nimemkamata mtu. Akija mwenyewe, anajisajili, na tunazungumza namna ya kulipa kidogo kidogo. Njoo ofisini Ijumaa asubuhi. Mwenye mabati akija, kila mtu atabeba chake. Asipokuja, itabidi niandike yaliyo kwenye risiti, na risiti zinakutaja wewe."

Mchana ule ilikuwa siku ya mbasa. Mama Bupe aliweka sinia chini, akalifunika kwa kitambaa, na birika la maji ya kunawa akaliweka nyuma yake.

"Leo hakuna kunawa," alisema, "mpaka tumesema."

"Kuna nini cha kusema?" Gwakisa alijibu. "Nimesikia. Si nina masikio?"

"Haya. Mimi changu ni kidogo. Nitakwenda, nitasema hizi rangi na vitasa ni vyangu. Wataninyonga?"

"Wewe ni rahisi, mama Bupe. Huvuki kitu. Wakinisajili mimi, mabati yangu yanapanda. Wale akina mama wa ziwani wanaopitia Itungi, wanaosafirisha bati kwa boti mpaka kule kusiko na barabara, wanauza chungu kimoja kimoja mpaka wapate bati moja. Mama Mkisi amefinyanga vyungu msimu mzima, anakuja, nimwambie nini?"

"Mwambie ni kodi," nilisema.

Akanigeukia. "Mwambie wewe! Si umesoma? Hivi huko chuoni ulisoma nini, mpaka ukaandika kibao cha kumwita mtu wa kodi, kwa rangi nyekundu?"

"Falsafa."

"Ee juba! Ndiyo hiyo iliyotufikisha hapa."

Mama Bupe alicheka kwa nguvu, hakuweza kujizuia, na mimi nikacheka kwa sababu lilikuwa kweli. Gwakisa hakucheka. Alisimama, akachukua kofia yake juu ya kopo la rangi, akatoka bila kunawa na bila kula. Tulimsikia akifungua kufuli la duka lake. Mama Bupe akafunua sinia. Tulikula pembe zetu mbili. Pembe ya tatu, upande wa mkia wa mbasa, hakuna aliyeigusa. Kesho yake ilikuwa vilevile, na keshokutwa. Alipika kwa watu watatu, akaweka sinia chini, na upande wa Gwakisa ukabaki kama ulivyotoka jikoni, wali umesimama wima kama ukuta tulioshindwa kuubomoa.

Nimeulizwa na mke wangu, ambaye ni mtu wa moja kwa moja, kwa nini sikumtaja tu. Nilikuwa na haki yote. Afisa alijua, barabara nzima ilijua, mabati yalikuwa yanang'aa umbali wa mbao moja kutoka kichwani pangu. Lakini niliona wazi jinsi ingekuwa: ningebaki na duka, na mchana ungefika, na nisingekuwa na pa kwenda. Nilikuwa tayari nimeanza kufikiria kazi ya ualimu. Niliangalia mifuko ya simenti kwa macho ya kuaga, ambayo ni namna ya kijinga sana ya kuangalia simenti.

Alhamisi alasiri mvua ilishuka, ile mvua ya Kyela inayopiga paa hata ukazungumza na mtu aliye mbele yako kwa ishara. Mke wa Gwakisa alikuwa amemletea chakula kwenye bakuli. Mvua ilipopungua kidogo niliwasikia kupitia juu ya mbao, ilipozidi niliwapoteza, kwa hiyo nilichokipata ni vipande.

"Hawa bado wanakuachia pembe yako?" mke alikuwa akiuliza.

Gwakisa alijibu kitu, mvua ikakimeza.

"...watalalamika, ndiyo. Bei ikipanda watu hulalamika, halafu wanarudi, maana nyumba haipauliwi kwa malalamiko. Lakini hawa wawili wakikuondokea, mume wangu, utawapata wapi wengine umri huu?"

Kisha sauti ya Gwakisa, nzito: "Nenda nyumbani. Mvua inakuja."

Mvua ilikuwa imekuja zamani.

Ijumaa mimi na mama Bupe tulikwenda pamoja, yeye amevaa kitenge cha kanisani na mimi shati langu la mahafali, kana kwamba kodi inaweza kupunguzwa kwa unadhifu. Gwakisa hakuwa amefungua duka. Tulipita mbele ya mlango wake uliofungwa. Ofisini tulikaa kwenye benchi, mama Bupe akinong'ona atakavyoanza: "Nitamwambia, dada yangu, mimi ni mjane wa rangi..." "Wewe si mjane." "Ndiyo maana nasema wa rangi." Bi Rehema akatuita ndani, akatutazama, akatabasamu.

"Mwenzenu mmepishana naye," alisema. "Nimemkuta mlangoni wakati nakuja kufungua. Amevaa koti, jasho linamtoka."

Mama Bupe akaketi kabla ya kukaribishwa.

Bi Rehema alitueleza. Gwakisa alikuwa amesema mabati yote ni yake na nondo zote ni zake, tangu Fuso ya kwanza. Ukiyatoa hayo, mimi na mama Bupe tulirudi kuwa watu wadogo tunaostahili kuwa. Yeye peke yake ndiye aliyevuka. Na kulikuwa na jambo lingine, ambalo sikulijua nilipokuwa nikijionea huruma kati ya mifuko yangu. Mtu aliyesajiliwa huondoa kodi aliyokwisha kuilipa kwa wakala, lakini ni lazima risiti iwe na jina lake. Risiti zote za nyuma zilikuwa na jina langu. Kwa mizigo yote ile iliyopita, Gwakisa hakuwa na cha kuondoa. Kodi aliyoilipa Mbeya mara moja, angeibeba tena, nzima, kwa awamu.

"Nilimfafanulia mara mbili," Bi Rehema alisema. "Nilitaka nihakikishe ameelewa. Akaniambia, 'Nimeelewa, mama. Andika.'"

Nimesoma mengi tangu mwaka ule, na nimelipwa kufundisha sehemu yake. Duka nililifunga mwenyewe baadaye, bila deni na bila ugomvi, kwa sababu ya kawaida kabisa kwamba sikuwa mfanyabiashara. Nikapata nafasi ya kufundisha, na kutoka huko nikaanza kuandika. Nafasi ile isingekuwepo kama ningetoka Kyela na mzigo wa kodi ya mabati shingoni. Kila kitabu changu, hata vile ambavyo wakosoaji wamevihurumia, kimesimama juu ya lile neno andika. Mama Bupe bado ana duka, sasa ni kubwa, naye amesajiliwa, na akina dada wanaoanza biashara humwendea awaeleze VAT. Huwaeleza vizuri. Nilimsikia msibani akimwambia mmoja wao ahakikishe risiti ya mzigo wake ina jina lake mwenyewe, "hata kama mnakula pamoja. Hasa kama mnakula pamoja." Wala hakuna kati yetu aliyewahi kumwuliza Gwakisa kilichomtoa nyumbani asubuhi ile na koti la kanisani kwenye joto la Kyela. Mke wake angalikuwa na jibu lake. Mimi nadhani mtu huyu alikuwa ameamua tangu siku ile nyundo iliponyamaza, na siku zilizobaki alikuwa akitafuta tu namna ya kuamua bila mtu kumwona akiwa mwema, maana wema hadharani ulimtia haya.

Ijumaa ile, kutoka ofisini, nilimwacha mama Bupe njiani, nikaenda moja kwa moja dukani kwa Gwakisa. Alikuwa amefungua. Koti lilikuwa limetundikwa kwenye msumari, na mbele yake alisimama mama mmoja wa ziwani, vyungu vyake viwili ameviweka chini, akilalamika kwa Kiswahili chenye Kikisi nusu kwamba bati la wiki iliyopita halikuwa na bei hii. Gwakisa alikuwa akimweleza taratibu, akikosea kidogo, akirudia, kwamba hiki kipande cha bei si changu, mama, nakibeba tu. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho, akasema atakwenda kufikiri, akainua vyungu vyake na kuondoka. Gwakisa akamsindikiza kwa macho.

Nilikuwa nimeandaa maneno njiani. Yalikuwa mazuri, yalikuwa na utangulizi. Nilipomfikia yalinipotea yote, nikabaki nimeshika ukingo wa meza yake ya kuuzia.

"Ndaga fijo, tata," nikasema. Asante sana, ndilo lililobaki.

Gwakisa aliinamia rundo la mabati na kuanza kuyapanga upya, ingawa yalikuwa yamepangwa.

"Sogea hapo mlangoni, Msomi," alisema. "Unanizibia wateja."

Nikasogea. Barabarani, kote mpaka sokoni, hapakuwa na mtu hata mmoja.